Slaidi, Sauti na Swali: Mafunzo ya Kazini kwa Bajeti Ndogo

Ukifungua mafaili ya Dokeos, programu ya mafunzo ya mtandaoni ya miaka ya 2000, juu ya msimbo unakuta anwani ya posta: rue du Corbeau 108, B-1030 Brussels. Hapo ni Schaerbeek, manispaa ya kaskazini mwa jiji. Waliokuwa wakiitengeneza walikabiliwa na swali ambalo mwenye kampuni ndogo bado analo leo: mtu ambaye si fundi wa kompyuta, hana studio na hana fedha za kumwajiri mbunifu, atatengenezaje somo ambalo mfanyakazi anaweza kulisoma peke yake? Jibu lao nimelichunguza kwa makini, na naamini bado ndiyo njia bora ya kuanzia, ingawa lina udhaifu ambao lazima uzibwe.

Kwanza ukoo wake. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, huko Louvain-la-Neuve, kusini-mashariki mwa Brussels, kilitoa programu ya mafunzo iitwayo Claroline, iliyoandikwa kwa PHP na kuhifadhi data zake katika MySQL. Leseni yake ilikuwa GPL, yaani mtu yeyote aliruhusiwa kuichukua, kuibadili na kuigawa. Mwaka 2004 Thomas De Praetere, mmoja wa waanzilishi, aliondoka na msimbo huo akaanzisha Dokeos, akilenga zaidi kampuni. Mwaka 2010 sehemu ya jumuiya ya watengenezaji wake, akiwemo Yannick Warnier, ilijitenga tena, ikazaliwa Chamilo, ambayo ina chama chake kisicho cha faida. Wakati huohuo Moodle, programu nyingine ya aina hiyo aliyoitoa Martin Dougiamas kule Perth, Australia, mwaka 2002, ilikuwa inaenea dunia nzima. Moodle na Chamilo zote mbili unazipakua leo bila kulipa chochote.

Sasa tuingie jikoni. Ndani ya Dokeos kulikuwa na kifaa kilichoitwa Oogie. Mkufunzi alipakia faili lake la PowerPoint, lilelile alilozoea kulionyesha ukutani. Kwenye seva, OpenOffice ilikuwa imewashwa bila skrini, ikisubiri kazi. Ililifungua faili, ikageuza kila slaidi kuwa picha, na mfumo ukazipanga picha hizo kuwa hatua za somo. Kati ya hatua na hatua uliweza kuchomeka swali. Mfumo ulirekodi mfanyakazi amefika wapi na amepata alama ngapi. Chamilo ilirithi utaratibu huo, na ndani yake kila hatua ya somo inaweza kubandikwa faili la sauti.

Uzuri wa njia hii ni kwamba ilianza na kitu ambacho ofisi tayari inacho. Karibu kila kampuni ina slaidi za usalama, za kupokea wateja, za kumpokea mfanyakazi mpya. Hakuna aliyelazimika kujifunza programu ngeni. Linganisha na sasa, ambapo leseni ya Articulate, mojawapo ya programu maarufu za kutengenezea masomo, inazidi dola 1,000 kwa mwaka kwa mtengenezaji mmoja. Kampuni ya watu 12 ikitoa fedha hizo kwanza, haibakiwi na kitu cha kumlipa anayeijua kazi yenyewe.

Udhaifu wake ni huu. Slaidi nyingi ziliandikwa ili mtu asimame mbele yake na kuzifafanua. Ukiziondolea msemaji, yanabaki maneno matatu na mshale. Tena slaidi ikishakuwa picha, maandishi yake hayatafutiki, na programu inayomsomea asiyeona haioni neno hata moja. Kwa hiyo slaidi ziandikwe upya kabla ya kupakiwa: jambo moja kwa slaidi, maneno machache, na maelezo yote yaende kwenye sauti. Hii ni kazi ya siku kadhaa, na hapa ndipo fedha zinapostahili kutumika.

Kwa Brussels sauti ina faida nyingine. Sheria za lugha za mwaka 1966 zinamtaka mwajiri wa jiji hili aandike nyaraka zilizokusudiwa kwa wafanyakazi wake kwa Kifaransa au Kiholanzi, kulingana na lugha ya mfanyakazi, na zinaruhusu kuambatisha tafsiri ya lugha nyingine pale muundo wa wafanyakazi unapodai. Katika kampuni ya usafi unaweza kukuta mtu wa Bukavu, mtu wa Bujumbura na mtu wa Casablanca wanasukuma toroli moja. Kutengeneza video tano kwa lugha tano ni gharama isiyobebeka. Lakini picha zilezile zikiwa na maandishi ya lugha mbili za kisheria, kisha faili za sauti za Kiswahili, Kirundi na Kiarabu zikarekodiwa kwa simu chumbani kwenye mazulia na mapazia yanayomeza mwangwi, ni kazi ya mchana mmoja kwa kila lugha. Audacity, programu ya bure, inatosha kukata makosa.

Nichukue somo moja nilionyeshe kwa karibu. Maji ya Brussels yana chokaa nyingi, kwa hiyo kwenye toroli la usafi hakukosekani dawa ya kung'oa chokaa, ambayo ni asidi. Pembeni yake kuna javel, ndugu wa ile Jik tunayoijua Afrika Mashariki. Vikichanganyika, vinatoa gesi ya klorini, na choo kisicho na dirisha kinakuwa mahali pa hatari. Slaidi za kawaida zingeanza na historia ya kemikali na orodha ya kanuni. Somo zuri linaanza na picha ya chupa hizo mbili, zikiwa kwenye toroli hilohilo la kampuni, na swali: umemwaga javel, chokaa bado imeng'ang'ania, unafanya nini? Jibu la kwanza: unaongeza dawa ya chokaa. La pili: unaongeza maji ya moto. La tatu: unavuta maji, unasuuza vizuri, unafungua mlango, na dawa ya pili unaiacha kwa siku nyingine. Anayekosea apelekwe kwenye picha ya lebo, aone alama ya hatari yenye mpaka mwekundu, asikie maelezo ya nusu dakika, kisha aulizwe tena. Slaidi ya mwisho iwe na namba ya Kituo cha Sumu cha Ubelgiji, 070 245 245, kinachopokea simu usiku na mchana.

Majibu yale mawili mabaya hayatungwi mezani. Yanatoka kwa msimamizi aliyekaa kazini miaka mingi, anayejua watu hukosea wapi hasa. Mlipe kwa saa zake. Saa mbili za kumsikiliza zina thamani kuliko violezo vyote vya kuvutia vinavyouzwa mtandaoni.

Muda wa wanaojifunza nao ni fedha. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 3 Oktoba 2022 inampa mfanyakazi wa muda wote haki ya siku tano za mafunzo kwa mwaka, kuanzia 2024, katika kampuni yenye watu 20 au zaidi. Kampuni ya watu 10 hadi 19 inatoa siku moja, na iliyo chini ya 10 imesamehewa. Mafunzo hayo ni kazi na yanalipwa. Somo la dakika 20 kwa watu 12 ni mishahara ya saa nne. Ukilirefusha kwa utangulizi wa mkurugenzi na muziki hadi lifike saa moja, umetumia saa 12, na hakuna aliyejua zaidi kuhusu javel. Nasema wazi pia kwamba kumtumia mfanyakazi somo jioni akiwa ndani ya tramu, kwa bando lake mwenyewe, ni kumwibia; somo lisomwe kazini. AMREF, shirika la afya barani Afrika, ilipoanza mwaka 2005 kuwapandisha wauguzi wa Kenya kutoka cheti hadi diploma kwa njia ya mtandao, ikilenga wauguzi wapatao 22,000, nguvu ya mpango ilikuwa hii: muuguzi alisoma bila kuacha kituo chake cha kazi.

Upande wa mitambo sitakaa sana. Watu wakiwa chini ya 15, somo la kwanza halihitaji jukwaa lolote. Simu moja na msimamizi aliyeketi kando vinatosha kuonyesha watu wanakwama wapi. Likishanyooka, kodi nafasi kwenye seva ya kawaida, weka Moodle au Chamilo, na mpe mtu mmoja jukumu la kusasisha programu, kwa sababu ndani yake kuna majina na alama za watu, na tangu Mei 2018 kanuni ya Ulaya ya kulinda data inakuwajibisha. Maswali ya matawi, kama lile la javel, unaweza kuyatengeneza kwa H5P, zana ya bure kutoka Norway ambayo Moodle imeiingiza ndani yake tangu toleo la 3.8 la mwaka 2019.

Lakini jambo moja usiliache: weka nakala ya kila somo nje ya jukwaa. Msimbo ule wa Louvain ulibadilika jina na wenyewe mara mbili ndani ya miaka kumi. Mabadiliko ya namna hiyo yakikukuta, somo lililofungwa kwa kanuni ya SCORM, ambalo ni faili la zip lenye kurasa zako na orodha iitwayo imsmanifest.xml, unalipakia kwenye jukwaa jipya. Somo lililochapwa moja kwa moja ndani ya jukwaa huenda ukalinakili upya, ukurasa kwa ukurasa. Slaidi za asili na faili za sauti pia ni mali ya kampuni. Zihifadhi kwenye diski yako.

Ungenikabidhi euro 1,000 leo, ningetenga 100 kwa seva ya mwaka mzima, 500 kwa saa za msimamizi na za kuandika slaidi upya, na 400 kwa watu watakaosoma sauti katika lugha zao. Leseni ya programu nisingeilipia hata senti.