Kupima Ubora wa Skrini ya Kamera Ndogo Juani

Tangu kampuni ya Casio ya Japani ilipotoa QV-10 mwaka 1995, kamera ya kidijitali ya watu wa kawaida iliyokuwa na skrini mgongoni, tundu la kuchungulia limezidi kutoweka katika kamera za mfukoni, na mpigapicha ameachiwa skrini ambayo dukani hupendeza lakini saa sita mchana hugeuka kioo cha kujitazamia.

Kioo kisichopakwa utando wowote hurudisha takribani asilimia 4 ya mwanga unaokipiga, kiasi kinachoonekana kidogo mpaka ikumbukwe kwamba jua kali la mchana humwaga laksi zipatazo 100,000, laksi ikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia mahali, ilhali ofisi yenye taa za kutosha huwa na 500 hivi. Kanzu nyeupe iliyopigwa na jua hilo hung'aa kwa zaidi ya niti 20,000, niti ikiwa kipimo cha mng'ao wa kitu chenyewe, na taswira ya kanzu hiyo kwenye kioo hufikia karibu niti 1,000, wakati skrini nyingi za kamera ndogo hutoa mamia tu ya niti. Kwa hiyo mpigapicha aliyevaa nguo ya rangi nyeusi huiona picha yake vizuri zaidi kuliko mwenzake aliyevaa nyeupe, hata kama kamera zao ni za aina moja.

Mjuzi huanza kuikagua skrini ikiwa imezimwa. Huitoa nje na kutazama ukingo wa kitu cheupe unavyojitokeza juu yake: skrini iliyopakwa utando wa kuzuia mwakisiko huonyesha taswira hafifu yenye rangi ya zambarau au kijani, na isiyopakwa huonyesha nyeupe kali, tena ukingo ukionekana mara mbili, ni dalili kwamba kati ya kioo cha juu na skrini yenyewe pana nafasi ya hewa, ambayo huongeza nyuso za kurudisha mwanga. Baada ya hapo ndipo huiwasha, akaongeza mng'ao hadi mwisho, akaiinamisha pande zote na kuitazama kwa miwani ya jua, kamera ikiwa imelala na ikiwa wima, kwa kuwa baadhi ya miwani huifanya skrini kuwa nyeusi kabisa katika mkao mmoja.

Zipo mbinu za watengenezaji zinazostahili sifa. Sony RX100 ya mwaka 2012 iliongeza nukta nyeupe kando ya nyekundu, kijani na bluu ili skrini ing'ae zaidi bila kumaliza betri haraka, na toleo la tatu, la mwaka 2014, likaleta kichungulio cha kielektroniki kinachochomoza juu ya kamera.

Hata hivyo, skrini bora kuliko zote hufaa kupangia picha, wala haifai kupimia mwanga, kwa sababu juani kila picha huonekana ya giza, na anayeongeza mwanga kwa kuamini macho huunguza weupe wa mawingu na mawimbi pasipo kujua. Kipimo cha kutegemewa ni histogramu, yaani mchoro unaoonyesha mgawanyo wa weusi na weupe katika picha, ambao husema kweli mradi tu mistari yake isomeke. Kamera isiyoonyesha histogramu kabla ya kupiga, wala isiyo na kichungulio, haifai kununuliwa na anayefanya kazi juani.