Hongera, Tumaini la Maisha

Mzazi anayefika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, na mtoto mwenye saratani mara nyingi ameshaombewa msikitini au kanisani, na ameshauza alichokuwa nacho. Hapo huambiwa jambo gumu kuamini: mtoto atatibiwa bila malipo. Tangu 2011, shirika la Tumaini la Maisha limesimama na wodi ya watoto wenye saratani hospitalini hapo kwa dawa, malazi ya familia zinazotoka mikoani, na hata masomo ya watoto waliolazwa.

Tiba ya saratani ya damu inaweza kuchukua miaka miwili au zaidi. Nani ana nauli na kodi ya Dar es Salaam kwa muda huo? Mama aliyezoea kukirimu wageni huona haya kupokea, na haya hiyo ikimrudisha kijijini mapema, dawa hukatika na ugonjwa hurudi. Ndiyo maana nauthamini mno mlango ambao Tumaini la Maisha wameuacha wazi kwa familia hizo. Wapo wanaodhani kupokea msaada ni upungufu wa imani. Mimi naamini mkono wa muuguzi ni sehemu ya jibu la dua.

Wauguzi, madaktari, walimu na wafadhili wa wodi ile, Mwenyezi Mungu awazidishie.