Fundi wa Kutunga Swali la Insha

Swali la insha huchukua mstari mmoja au miwili ubaoni, na wengi hudhani kulitunga ni kazi ya dakika moja. Mwalimu wa Kiingereza anayewapokea Kidato cha Kwanza nchini Tanzania anajua sivyo. Wengi wa wanafunzi wake wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Mawazo wanayo tele, Kiingereza bado ni haba.

Mtazame anavyopanga. Anaanza na picha nne: mtoto anachota maji, ndoo inamponyoka, mama anatokea, wote wanacheka. Kisa kimeshapatikana, kwa hiyo mwanafunzi anaelekeza akili yake kwenye njeo na tahajia. Baadaye picha zinaondolewa, naye anasimulia tukio la kwao kwa kumbukumbu. Hatimaye linakuja swali zito: babu anataka kumuuza mbuzi wa maziwa ili anunue sare za shule, bibi hataki, mwandikie babu, umshauri bila kumvunjia heshima. Sentensi fupi fupi hazitoshi tena. Lazima mtoto atafute namna ya kutoa sababu, kuweka sharti na kukubali nusu ya hoja. Makosa yanaongezeka, na lugha inatanuka.

Wataalamu wamelijadili jambo hili kwa miaka mingi. Peter Skehan anasema umakini wa binadamu una kikomo: mtu akizama katika hoja, usahihi wa lugha huweza kushuka. Peter Robinson, katika makala yake ya mwaka 2001, aliugawa ugumu wa zoezi katika mafungu mawili. Kudaiwa sababu huweza kuivuta lugha ipande. Kunyimwa muda wa kujipanga humtawanya mwandishi. Tafiti zilizofuata hazijaafikiana, ndiyo maana jicho la mwalimu halina mbadala.

Ustadi wake unaonekana hasa hapo. Swali likiwa zito, anapunguza uzito kwingine: anawaacha wajadiliane kwanza, hata kwa Kiswahili, waorodheshe hoja, ndipo washike kalamu. Akisahihisha, anaanza na hoja, kisha anachagua aina moja ya kosa la kushughulikia. Hajazi ukurasa wino mwekundu.

Kwa hiyo alama peke yake haitoshi kumpima mwanafunzi. Aliyepata sita kwa swali la mbuzi huenda amepiga hatua ndefu kuliko aliyepata tisa kwa picha nne. Kabla ya kumhukumu, tuulize aliulizwa nini.