Sifa za Jicho Lisilodharau Senti

Sarafu ndogo ndiyo mtihani wa jicho. Ya dhahabu hutazamwa na kila mtu. Senti kumi yenye tundu, iliyolala miaka mingi ndani ya mkebe wa vifungo huko Keroka, hutazamwa na mwenye subira peke yake. Huyo ndiye ninayemsifu. Kazi yake ni kutenga halali na bandia, na kuitambua ile ya tatu inayowashinda wengi: sarafu halali ambayo katalogi haikuiandika.

Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, una sababu ya kuwa na mikebe kama hiyo. Kodi ya nyumba ya serikali ya Mwingereza iliwalazimu wazee kutafuta sarafu: rupia kwanza, florini mwaka 1920, kisha shilingi kuanzia 1921. Mjerumani naye hakuwa mbali. Septemba 1914 askari wake waliingia mji wa Kisii na kupigana na Waingereza papo hapo, na baadaye vijana wa Kigusii wakachukuliwa kubeba mizigo ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Heller, sarafu ndogo ya Kijerumani, ikitoka katika sanduku la nyanya, isimshangaze mtu.

Mjuzi huanza na herufi ndogo iliyopigwa kwenye sarafu kuonyesha ilikofuliwa. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham. KN ni King's Norton, Birmingham hiyohiyo. SA ni Pretoria. I ni Bombay. Isiyo na herufi ni ya London. Kwenye heller, A ni Berlin na J ni Hamburg. Kisha husoma jina la mfalme. Ziko senti tano na senti kumi za 1936 zenye jina la Edward VIII, aliyetawala chini ya mwaka mmoja akakiacha kiti Desemba. Sarafu yenye tundu haina nafasi ya sura ya mfalme, kwa hiyo hizi hazikungoja picha yake. Ziliwahi kufika masokoni kwetu. Mwaka huohuo, Heaton walichanganya mihuri: upande mmoja wa senti kumi ya Afrika Mashariki, upande wa pili peni ya Afrika Magharibi. Asiyejua angeiita ghushi, kumbe ni halali ya kiwandani.

Heller za mwaka 1916 zinafunza zaidi. Wajerumani walipozingirwa na vita na kukosa sarafu kutoka Ulaya, walizifua wenyewe Tabora katika karakana ya reli, kwa shaba nyekundu na ya manjano. Mihuri ilibadilika, na ndiyo maana taji la heller 20 halifanani katika kila sarafu, wala mikia ya herufi zake. Hapo kipimo kinageuka. Uduni wa umbo ambao kwenye sarafu ya Birmingham ungetia shaka, kwa ya Tabora ni jambo la kawaida. Mjuzi haulizi tu kama sarafu ni nzuri. Anauliza ilifuliwa wapi, kwa zana gani, katika shida gani.

Baada ya hapo huja vipimo. Sumaku: senti ya bronzi haivutwi, na ikivutwa ndani yake mna chuma. Mizani: sarafu huliwa na mikono ya watu ikapungua, lakini haiongezeki. Ukingo: iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi huacha mshono, na uso wake huwa na vitundu vidogo na herufi zilizolegea. Ushahidi mzito kuliko wote ni kovu. Mkwaruzo wa matumizi ni wa sarafu moja. Ukiukuta mahali palepale kwenye sarafu mbili, angalau moja imenakiliwa. Anazipitia taratibu, kama mama apepetavyo wimbi, na hatangazi aina mpya mpaka kila njia ya kuikana imemshinda.

Ninaipenda kazi hii kwa sababu inamfunza mtu haki. Katalogi ni shahidi mmoja tu, na tamaa si shahidi kabisa. Mwenye kuona ajabu katika kila senti hudanganyika. Mwenye kukataa kila asiloliona kitabuni huizika historia. Na anayemwambia nyanya thamani ya kweli ya alichonacho, hata kama angeweza kukinunua kwa bei ya kutupa, huyo ameufikisha ujuzi wake mahali pake.

Basi wewe mwenye mkebe nyumbani, usiisugue senti kwa mchanga wala kwa limau, maana utafuta alama zinazoitetea. Usiipeleke kwa mnunuzi wa vyuma kabla haijatazamwa. Ipime, ipige picha pande zote mbili, kisha muulize mzee wako ilikotoka na uandike jibu lake. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na wanaoweza kujibu wanapungua kila mwaka.