Kurasa Zimekamilika

Jana usiku, hapa Kabasa, nilimaliza kuokota kurasa zilizopotea hekaluni. Nazungumzia Assassin's Creed Shadows, gemu ya Ubisoft ya mwaka 2025 inayotupeleka Japani ya karne ya 16. Nilicheza kama Yasuke, Mwafrika aliyeanza kumtumikia Oda Nobunaga mwaka 1581.

Kazi yenyewe ni ndogo: unazunguka ua, unachungulia huku na kule, unaokota ukurasa mmoja mmoja. Zikitimia, unapewa pointi ya maarifa. Nikiri, ni tamu. Hakuna damu, na bustani zimechorwa hadi unasahau kama una upanga kiunoni. Hapo wabunifu wamefaulu.

Lakini hebu tuitazame hiyo pointi. Inaitwa maarifa, ila sikuulizwa hata mara moja kurasa zinasema nini. Pointi zikijaa, zinafungua njia ya mbinu mpya za kupigana. Basi.

Kinachouma zaidi ni huyu anayeziokota. Yasuke mwenyewe hakutuachia hata mstari mmoja. Tunamjua kupitia barua za Wajesuiti na maandishi machache ya Wajapani. Mtu asiye na ukurasa wake anakusanya kurasa za wengine! Gemu ilikuwa na nafasi ya kuligusa hilo, ikalipita tu.

Ningeicheka, lakini na mimi nina daftari la marehemu babu. Mwaka jana nilipiga picha kurasa zote kwa simu, nikajisifu kwamba nimeliokoa. Zimekamilika. Sijasoma hata ukurasa mmoja.