Kitabu cha Hayek na mashamba yetu ya pamba

Waseminari wakianza kusoma mafundisho ya Kanisa juu ya mali na kazi, swali moja halikosi kuulizwa: Je, si heri Leta ishike biashara yote, iweke bei, igawe faida, ili matajiri wasiwadhulumu maskini? Swali hilo si la kuchekwa. Latoka katika moyo mwema, na hata makatekista wetu huliuliza, maana wameona muhogo wa mama mjane ukinunuliwa kwa bei ya aibu. Lakini sisi twaona kwamba jibu ni hapana. Ili kuonyesha sababu, tumekisoma tena kitabu ambacho wengi hukisifu au hukilaani bila kukifungua: Njia ya Utumwa, cha Friedrich Hayek.

Mwandishi alizaliwa Vienna mwaka 1899, akaanza kufundisha London mwaka 1931, na kitabu chake kikatoka 1944, vita vikubwa vikiwa havijaisha. Kwa Kifaransa chaitwa La Route de la servitude. Alikitolea wasosialisti wa vyama vyote, wala hakufanya hivyo kwa dhihaka. Aliwajua wengi wao kuwa watu wa nia njema. Na hilo ndilo linaloupa ukali usemi wake: utumwa anaouogopa huletwa pia na watu wema.

Fikira yake ni hii. Anayetaka kupanga mali ya nchi nzima, sherti aamue kwanza ni kitu gani kipite kingine: pamba au muhogo, barabara au hospitali, baiskeli au viatu. Watu hawawezi kupatana juu ya mambo hayo yote. Basi mwenye kupanga atawaamulia, na asiyetaka atalazimishwa. Tena hakuna ofisi inayoweza kujua yote ambayo kila mkulima anayajua juu ya shamba lake, na kila mchuuzi juu ya soko lake. Bei za sokoni huchukua habari hizo kutoka mtu hata mtu, bila mkubwa yeyote kuzipeleka. Na katika sura ya 7 (iliyotanguliwa na neno la Hilaire Belloc, Mkatoliki wa Uingereza, jambo ambalo wasomaji wetu watalifurahia) aonyesha kwamba fedha na chakula si chumba kimoja tu cha maisha, ambacho Leta ingeweza kukifunga ikatuachia vyumba vingine. Ndani ya chumba hicho zimo funguo za nyumba nzima.

Wazungu waliosoma maneno hayo walikumbuka Berlin na Moscow. Sisi twakumbuka pamba. Kwa amri ya mwaka 1917, Bulamatari alipata ruhusa ya kuwalazimisha watu wa vijiji kulima mazao aliyoyataka yeye, hata siku 60 kwa mwaka. Ilisemwa kwamba kazi hiyo ni ya kuwafundisha watu, kama vile shule. Wakati wa vita, mwaka 1942, siku hizo zikapandishwa kuwa 120. Katika Maniema, Lomami, Uele na kwingine, mtu alipimiwa shamba lake la pamba, akawekewa wakati wa kupanda na wa kuvuna, na aliyekataa alitiwa gerezani au alipigwa fimbo. Pamba hailiwi. Mwezi ambao mtu angepalilia chakula chake, alikuwa akipalilia pamba ya wengine.

Lakini kulima kwa nguvu ni nusu tu ya habari. Amri ya mwaka 1921 iligawa nchi ya pamba katika maeneo, na katika kila eneo kompani moja tu ilikuwa na haki ya kununua pamba ya wenyeji na kuichambua kiwandani. Kompani kubwa kuliko zote, Cotonco, iliundwa mwaka 1920. Bei iliwekwa na Leta. Basi mkulima hakuchagua zao, hakuchagua mnunuzi, hakubishana bei. Akibeba mzigo wake mpaka sokoni, aliita soko mahali ambapo hapakuwa na soko lolote, ila mzani na mwenye mzani.

Hapa ndipo tungependa msomaji akae kidogo. Kwa desturi twafundishwa kuwa kuna pande mbili zinazopigana: Leta upande huu, wafanyabiashara upande ule, na kila mtu achague wake. Pamba yaonyesha kwamba mara nyingi ni upande mmoja. Kompani hazikutaka uhuru wa soko hata kidogo, kwani mnunuzi wa pili angepandisha bei. Walitaka Leta isimame mlangoni na kumfukuza huyo wa pili. Hayek aliliona jambo hilo. Asema kwamba monopoli nyingi zimesimama kwa msaada wa Leta, wala si kwa nguvu zake zenyewe. Tunasikitika tu kwamba amelisema upesi mno. Ndiyo maana hata leo matajiri wengi humsifu bila woga, nao wangalipaswa kumwogopa.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 wengi walidhani kwamba ubaya ulikuwa katika rangi ya mwenye kuamuru. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba makubwa na viwanda vidogo vya wageni vitakuwa mali ya wenyeji. Kwa Wagriki, Wareno, Wahindi na Wabelgiji wengi ikawa mwisho wa kazi ya maisha yao. Na waliopewa mali hizo? Kwa Kifaransa waliitwa acquéreurs, yaani wenye kujipatia, nao kweli walijipatia. Wakubwa wa chama na rafiki zao walikuwa mbele. Wengine waliuza bidhaa zilizokuwamo, wakafunga mlango, wakaenda zao. Mwisho wa mwaka 1974 Leta yenyewe ikanyakua sehemu kubwa, na tangu 1976 ikaanza kuwaita wenye mali wa kwanza warudi. Ni kweli kwamba bei ya shaba ilianguka wakati uleule, nayo iliumiza nchi. Tusiitupie zairianisasio makosa yote. Lakini shaba haikumwambia mtu yeyote afunge duka la chumvi katika kijiji cha Kivu.

Wapadri wazee watatuambia neno jingine, nalo ni la maana kuliko la chumvi. Leta hiyohiyo mwaka 1972 ilikataza majina ya ubatizo, na Kardinali Malula akalazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Mwaka 1973 ilisimamisha magazeti ya dini. Mwisho wa 1974 ilizitwaa shule zetu, wala haikuzirudisha katika usimamizi wa Kanisa ila kwa mapatano ya Februari 1977. Hatusemi kwamba kutwaa duka kulizaa kutwaa shule, kwa maana majina yalitangulia maduka. Twasema tu kwamba ni mkono mmoja. Mwalimu aliyetaka kupinga alipaswa kujiuliza nani atamlipa mshahara. Mwenye duka, nani atamwachia duka. Mtu ambaye riziki yake yote iko katika mkono mmoja hujifunza kunyamaza, hata kama hakuna askari nyuma yake.

Mpaka hapa twatembea pamoja na mwandishi. Tunaachana naye katika jambo moja. Kwa Hayek, mtu akiwa hakulazimishwa na mtu mwingine, yu huru. Leo XIII alikwisha kufundisha mwaka 1891, katika Rerum Novarum, kwamba mfanyakazi anayekubali mshahara mbovu kwa sababu ya shida, amefanyiwa nguvu, hata kama alikubali kwa kinywa chake. Mchimbaji wa kobalti wa Kolwezi, anayechimba kwa mikono, hana askari anayemshurutisha kuuza. Ana watoto ambao hawajala, na mbele yake mnunuzi anayepima kwa chombo chake mwenyewe. Mtu huyo si mtumwa. Lakini kumwita huru bila kuongeza neno ni kumdhihaki.

Je, dawa ni kumpa mnunuzi mmoja kwa amri? Mwaka 2019 Leta iliunda kompani iitwayo EGC, ikaipa haki ya pekee ya kununua kobalti ya wachimbaji wa mikono. Walisema ni kwa kuleta utaratibu, na huenda walisema kweli. Sisi tulipoisoma amri hiyo tulikumbuka ile ya mwaka 1921. Mchimbaji angepata faida zaidi kama wanunuzi wangekuwa wengi, na mzani ukakaguliwa na mtu asiyenunua.

Kukagua mzani: hiyo ndiyo kazi ya Leta, wala si kazi ndogo. Hayek atofautisha vizuri kati ya kuweka alama za njia na kumwamuru mtu aende wapi. Na Pius XI, mwaka 1931, katika Quadragesimo Anno, alifundisha kwamba ni udhalimu kuwanyang'anya watu na vyama vidogo kazi wanayoiweza, ili kuitia mkononi mwa chama kikubwa. Yohane Paulo II, katika Centesimus Annus ya 1991, alipoulizwa kama nchi maskini zifuate uchumi wa soko, hakujibu kwa neno moja: ndiyo, soko likikaa ndani ya sheria imara inayomtumikia mtu, hapana, likiwa bila sheria hiyo. Kwetu sheria zimeandikwa nyingi. Kinachokosekana ni sheria inayomfunga pia yule aliyeiandika.

Kitabu si chepesi, na mwandishi hurudia maneno. Padri mwenye kazi nyingi asome sura ya 6 na ya 7, kisha ya 9. Katika hiyo ya 9 Hayek akubali wazi kwamba Leta yaweza kumhakikishia kila mtu chakula, nguo na makao ya kutosha afya yake. Wanaomtaja ili kumnyima maskini msaada wote, hawajafika huko.