Sifa kwa Fundi wa Biti Zilizopotea

Kosa moja katika biti trilioni moja: hicho ndicho kiwango kinachovumiliwa kwenye njia nyingi za kasi zinazounganisha prosesa na prosesa. Kwa mwendo wa biti bilioni 10 kwa sekunde, ni kosa moja kila sekunde 100. Fundi ninayemsifu hapa huitwa makosa yanapozidi hapo.

Kwa mwendo huo biti moja hudumu sekunde moja iliyogawanywa kwa bilioni 10, na juu ya ubao wa saketi hushika kama sentimita moja na nusu ya shaba. Njia ya sentimita 15 basi huwa na biti kumi safarini kwa pamoja, mkia wa moja ukiikanyaga inayofuata. Tena mara nyingi hakuna waya wa pembeni wa kupeleka mapigo ya saa. Kipokezi hujipimia wakati kwa kutazama sifuri inavyogeuka moja na moja sifuri. Mageuzi yakikosekana kwa muda, kinapotea. Ndiyo maana Widmer na Franaszek wa IBM, mwaka 1983, walichapisha mfumo wa kuzigeuza biti 8 kuwa 10, ili hali moja isijirudie zaidi ya mara tano mfululizo. Mimi werevu huo naustahi kuliko prosesa yenyewe.

Mgeni wa kazi hii akiona makosa hukimbilia kuongeza nguvu ya mawimbi. Ni sawa na kupaza sauti ndani ya tangi tupu: mwangwi nao unapanda. Aliyekomaa huanza na umeme unaolisha chipu na saa inayoiongoza, kisha huirudisha data ndani ya chipu ileile bila kuiacha itoke. Makosa yakiendelea, shaba haina hatia. Yakikoma, ndipo anatoka nje, hatua kwa hatua, akibadilisha kitu kimoja tu kila mara.

Huko nje mshukiwa wangu wa kwanza ni tundu. Ubao una matabaka, na tundu lililopakwa shaba hulitoboa kila tabaka hata kama mawimbi yanatokea katikati. Kipande cha chini kinachobaki bila kazi huyarudisha mawimbi nyuma, nayo yakagongana na biti zinazokuja. Dawa yake ni keekee: kipande hicho hutobolewa kwa nyuma kikaondolewa. Huwezi kuliona kosa hilo kwa macho, wala programu haitalitibu lote.

Baada ya kutibu, lazima kuthibitisha, na hapa ndipo ninapompenda fundi huyu zaidi. Ili aseme kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba makosa hayafiki moja katika trilioni, anahitaji biti trilioni 3 hivi zipite bila kosa hata moja. Hizo ni dakika 5 za kutazama kaunta inayosoma sifuri. Mteja akitaka kiwango bora mara elfu, dakika hizo zinakuwa siku tatu na nusu. Mwenye mradi anayetaka uhakika wa namna hiyo na aziweke siku hizo kwenye ratiba mapema, kabla hajaanza kuuliza mbona fundi ameketi tu.